Injini Ikilia: Tafuta Mlio Kabla ya Kununua Spea

Mlio wangu ulianza jioni moja kwenye foleni ya Jogoo Road, karibu na soko la Burma. Krrrr, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Nikikanyaga mafuta kidogo unapotea, nikisimama tena unarudi. Kesho yake fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiliza kwa muda wa kumeza mate, akasema ni tenshena, kifaa kinachokaza mkanda wa injini. Nikanunua tenshena. Mlio ukabaki. Wa pili akasema ni altaneta, ile inayochaji betri. Nikanunua altaneta iliyotumika, mlio ukabaki vilevile, na sasa nilikuwa na deni.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries. Hakushika spana. Aliniuliza, "Inalia ukiweka D ya kwenda peke yake, ama hata P ya kuegesha?"

"Sijaangalia, mzee."

"Asubuhi, ama ikishapata moto?"

"Nafikiri... zote."

"Na AC ukizima?"

Nikanyamaza. Akacheka. "Sasa wewe mwenye gari hujui, mimi nitajuaje?"

Akachukua mpini wa nyundo, akaniambia niweke D huku nimekanyaga breki na kuvuta breki ya mkono, akainama ubavuni mwa gari na kuusukuma mpini dhidi ya bati linalokinga joto la ekzosti, bomba la moshi. Kimya. Akauondoa, krrrr. Akalikaza kwa klipu mbili za hozi, zile pete za chuma za kubania mipira, dakika kumi. Tenshena ya zamani ninayo hadi leo, nzima kabisa.

Haya ninayoandika ni maswali yake, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa miaka ya kuendesha teksi. Nazungumzia gari la petroli la kawaida, aina ya Fielder, Probox, Premio na ndugu zao. Kazi nyingi hapa unaweza kuifanya mwenyewe. Nyingine utaishia kujua tu, lakini kujua huko ndiko kutakuokoa mbele ya fundi.

Kwanza: uendelee au uzime?

Kuna hali ambazo hazina mjadala. Taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya birika, ikiwaka huku injini inazunguka, toka barabarani na uzime. Usijiambie utafika tu nyumbani. Taa ile haisemi oili imepungua kidogo, inasema presha haipo, na beringi zinazunguka chuma kwa chuma. Zima pia kipimo cha joto kikipanda hadi juu, au ukisikia kugonga kuzito kwa chini, du-du-du, kunakoongezeka kasi kila unapokanyaga mafuta. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya injini nyingine.

Taa ya injini ya rangi ya chungwa ikiwa inametameta, badala ya kuwaka tu, maana yake silinda moja au zaidi hazichomi petroli vizuri. Petroli hiyo inaenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosti. Punguza mwendo na usilibebeshe gari.

Milio mingine yote inaweza kungoja kesho asubuhi. Kwa kweli inafaa ingoje, kwa sababu utahitaji injini iliyolala usiku kucha.

Uhoji mlio

Chukua simu, fungua mahali pa kuandika, na usiwashe gari bado. Asubuhi, kabla jirani hajawasha lake, fungua boneti na madirisha. Washa. Sekunde tano za kwanza ndizo zenye habari nyingi kuliko saa nzima ya baadaye, kwa kuwa oili bado iko chini kwenye sampu, bakuli lake chini ya injini, na vyuma bado ni baridi. Je, mlio ulikuwepo palepale na ukafa baada ya sekunde mbili? Ulikuwepo ukapungua polepole kwa dakika tano? Au haukuwepo kabisa, ukazaliwa joto lilipopanda? Andika. Rekodi kwa simu pia, lakini usiamini simu kukuambia mlio ni mzito au mwepesi, maana maikrofoni yake hufanya kila kitu kisikike kama bati.

Usifanye hivi ndani ya gereji iliyofungwa wala kwenye kona ya maegesho ya chini ya jengo. Moshi wa ekzosti una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Injini ikishatulia, gari likiwa P na breki ya mkono juu, panda taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha achilia. Mlio ukifuata mizunguko, uko kwenye injini au kwenye kitu kinachozungushwa nayo. Ikiwa hapo hausikii chochote, lakini ukifika kilomita 60 kwa saa Thika Road kitu kinavuma, acha injini kabisa. Hiyo ni beringi ya gurudumu au matairi. Tak-tak-tak unapokata usukani wote kwenye mzunguko ni jointi za CV, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Nimeona watu wakifunguliwa kichwa cha injini kwa sababu ya beringi ya gurudumu, na sitanii.

Kisha washa AC, uzime. Washa taa kubwa. Zungusha usukani hadi mwisho, kama gari lako ni la usukani wa hydroliki. Kila kimoja kinaongeza mzigo kwenye mkanda, na mlio ukiitika kwa kimoja wapo umeshapata mtaa wake, bado nyumba tu.

Mwisho, kanyaga breki vizuri, toka P uingie D, halafu R ya kurudi nyuma, halafu N, gia huru. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Mtu wa kutazama injini asimame ubavuni. Injini ikiruka kwa kishindo, au dashibodi ikitetemeka ukiwa D na AC imewaka lakini inatulia ukiweka N, mauntingi, mipira inayoshikilia injini, zimechoka. Mpira ukipasuka, chuma hugusa chuma na mtetemo wote unaingia ndani.

Oili kabla ya kitu kingine chochote

Mahali tambarare, injini imezimwa dakika tano. Chomoa dipstiki, pangusa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena usome. Injini ya 1NZ-FE, ile ya 1,497cc iliyo kwenye Fielder, Probox na Premio nyingi za 1.5, hubeba takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ukipungukiwa lita moja, zaidi ya robo imekwenda, na sehemu za juu ndizo za kwanza kulia njaa.

Paka tone kwenye tishu nyeupe, ulitazame juani. Nyeusi si kosa, ni kazi ya oili kubeba uchafu. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yanayoingia, na hapo gasketi ya kichwa ina kesi ya kujibu. Vumbi linalometameta ni chuma cha beringi, usiwashe tena gari hilo.

Sasa inama utazame sampu yenyewe. Hapa Nairobi matuta hayana kipimo, mengine yamejengwa usiku na wenyeji waliochoka na bodaboda. Sampu ikigongwa ikabonyea ndani, inaweza kusogelea mdomo wa bomba linalofyonza oili, presha ikashuka, na injini ikaanza kugonga wiki kadhaa baadaye, wakati umeshasahau tuta lenyewe. Dipstiki itakuambia oili imejaa. Bonyeo ndilo litakalokuambia ukweli.

Macho, mkono, bisibisi

Injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa, gonga kwa ngumi taratibu kwenye bati la ekzosti, mfuniko wa plastiki juu ya injini, plastiki ya chini, kibebeo cha betri, bomba la ekzosti hadi silensa. Kinachocheza kitajibu. Milio mingi ya kutetema inaishia hapa. Bati lililooza kwenye tundu la bolti hufungwa kwa klipu ya hozi ndefu ya chuma cha pua, kulizunguka bati na bomba pamoja. Usiling'oe ukalitupa. Liliwekwa ili joto lisichome nyaya na sakafu.

Kama bado mlio upo, tafuta bisibisi ndefu. Kabla hujaishika, vua shali, tai, kitambulisho cha shingoni, na ukunje mikono ya shati. Feni ya radieta inaweza kuwaka yenyewe bila hodi. Washa injini, weka kishikio cha bisibisi kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na ncha yake kwenye chuma kisichozunguka: mwili wa altaneta, nyumba ya pampu ya maji, bolti ya katikati ya tenshena, mfuniko wa valvu, ubavu wa injini chini. Utashangaa. Beringi nzima inavuma kama nyuki aliye mbali, beringi iliyokufa inasaga kama mahindi makavu. Linganisha, hiyo ndiyo siri. Gusa tatu au nne kabla ya kuhukumu moja, kwa sababu sauti husafiri kwenye chuma na ya jirani inaweza kukudanganya.

Kwa hewa inayovuja, bisibisi haisaidii. Tumia kipande cha hozi, upande mmoja sikioni, mwingine uupitishe kando ya gasketi na mipira ya hewa. Pssss itakuja kama mtu anakunong'oneza.

Kulia kama filimbi: mkanda na wenzake

Huu ndio mlio wa asubuhi za Julai, baridi na manyunyu, gari linapiga kelele mtaa mzima unajua umeamka. Mkanda wa nje, fanibelti, huendesha altaneta, kompresa ya AC na mara nyingi pampu ya maji. Chukua chupa yenye tundu dogo kwenye kifuniko, nyunyiza maji kidogo tu upande wa mkanda wenye mifereji, ukisimama mbali. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea au umelainika kama kioo. Ukipotea halafu ukarudi maji yakikauka, puli hazijanyooka mstari mmoja, au mkanda umechakaa. Usipobadilika kabisa, shuku beringi.

Ili kuwa na hakika, zima, toa mkanda, washa kwa nusu dakika, isizidi dakika moja. Taa ya betri itawaka, ni kawaida. Mlio ukiwa umekwisha, mwizi yuko kwenye vile vilivyokuwa vinazungushwa. Zima, na zungusha kila puli kwa kidole. Ivute huku na huku. Inayokwaruza au inayotikisika ndiyo.

Kubadilisha mkanda hakuhitaji shahada. Piga picha ya njia ambayo mkanda unapita kabla ya kuutoa. Kwenye injini nyingi ndogo, unalegeza bolti mbili za altaneta, unaisogeza ndani kwa bolti ndefu ya kurekebishia, na mkanda unatoka. Nyingine zina tenshena ya springi, unaisukuma kwa spana. Nenda dukani na mkanda wa zamani na usome namba yake: 6PK1200, kwa mfano, ni mifereji 6 na urefu wa milimita 1,200. Ukiweka mpya hakikisha umekaa kwenye mifereji yote ya kila puli, kisha ukaze hadi ubonyee kama sentimita moja ukiusukuma kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu. Anayekaza zaidi "isilie tena" anakuandalia beringi ya altaneta ya mwezi ujao. Na wale wa kupaka sabuni ya kipande kwenye mkanda, mnyamazisheni mtoto kwa kumlisha, si kwa kumziba mdomo.

Tiki-tiki-tiki kwa juu

Kwanza ujue kuna tiki ya halali. Injekta, zile zinazonyunyiza petroli, hulia kama cherehani, laini na sawasawa, tangu gari lilipotoka kiwandani. Tiki nyingine, ile inayokufanya uzime redio, ina vyanzo vinne ninavyovijua.

Oili kidogo au nyepesi kupita kiasi. Umeshaangalia.

Manifoldi ya ekzosti, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ikivuja: inalia sana asubuhi, inapungua chuma kikitanuka kwa joto. Tafuta masizi meusi kwenye kingo za gasketi. Dawa ni gasketi mpya na bolti zilizokazwa kutoka katikati kwenda nje, injini ikiwa baridi. Bolti zilizoshika kutu zinakatika, kwa hiyo zimwagie mafuta ya kulegeza tangu jana yake.

Plagi iliyolegea: tiki yenye pumzi, na harufu ya moshi chini ya boneti. Plagi hukazwa kwa mkono kwanza hadi ikae, halafu ndipo spana, polepole. Uzi wa kichwa cha injini ni wa aluminiamu, ukiharibika utalia wewe.

Nafasi ya valvu: kwenye 1NZ-FE hakuna kifaa cha oili cha kujirekebisha, nafasi hupimwa kwa vipimo vyembamba vya bati injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosti. Kurekebisha ni kubadilisha vikombe vyenyewe vinavyokaa juu ya valvu. Hiyo mwachie fundi, ila muulize amepima ngapi. Asiyeweza kukutajia namba hajapima.

Jambo moja la masikio: kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krankishafti, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Kwa mizunguko 700 ya injini iliyotulia, tiki ya valvu moja hupiga kama mara sita kwa sekunde. Unaweza karibu kuihesabu. Kugonga kwa chini huenda haraka zaidi.

Cheni

Krrak ya sekunde moja au mbili unapowasha asubuhi, kisha kimya. Tenshena ya taimingi cheni, ile cheni ya ndani inayounganisha krankishafti na kamshafti, husukumwa na presha ya oili, na usiku presha imeshuka. Kabla ya kufungua chochote, badilisha oili na filta. Filta za bei ya kutupa mara nyingi hazina valvu nzuri ya kuzuia oili isirudi chini gari likilala, na nimeona mlio ukitoweka kwa filta peke yake. Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa nyingi za hizi ni 5W-30. Ukiambiwa 20W-50 itanyamazisha injini, ni kweli wakati mwingine, na ni kweli pia kwamba oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi.

Cheni ikiendelea kukwaruza hata baada ya joto, au mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikitoa msimbo P0016, yaani kamshafti na krankishafti hazikubaliani, cheni imerefuka. Hapo badilisha seti nzima: cheni, tenshena, reli zake. Cheni ikiruka meno, valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Misumari kwenye mkebe

Ukipanda Waiyaki Way kuelekea Limuru, gari limejaa, umekanyaga, unasikia chirrr kavu kama misumari midogo ikitikiswa. Petroli inajilipua kabla ya wakati wake. Sababu: kaboni, plagi zisizo za kiwango chake, injini yenye joto jingi, mchanganyiko wenye petroli chache, au sensa ya kugonga iliyokufa, msimbo P0325. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 au zaidi, hewa yake nyepesi, na hilo huificha shida hii. Ndiyo maana gari lililokuwa kimya Donholm linaanza kulia likishuka Mombasa. Ishushe gia, punguza mguu, na anza na plagi na mfumo wa maji.

Du-du-du

Kugonga kwa chini ndiko kunakoogopesha, na kuna mawili. Kukiwa kukubwa asubuhi na kukaisha injini ikipata moto, ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyochakaa. Inaweza kwenda hivyo miaka. Kukiwa kubaya zaidi injini ikiwa moto, hasa unapoachilia mafuta, ni beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krankishafti. Fundi mzuri atazima injini, atachomoa soketi ya injekta moja, atawasha kwa sekunde chache, kisha ahamie nyingine. Kugonga kukibadilika kwa silinda fulani, amempata. Mwambie akate filta ya oili kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake mbele yako. Ikimeta, hesabu ni kati ya ovaholi na injini nyingine, na ovaholi isiyo na krankishafti iliyopimwa ni kupoteza pesa.

Ukifika gereji

Usiseme "angalia mlio". Sema: "Inalia ikiwa baridi, inafuata mizunguko, ukizima AC inapungua, oili iko sawa." Sentensi moja hiyo hubadilisha namna unavyoangaliwa. Mashine ya kompyuta isomwe, lakini haina masikio. Beringi ya pampu ya maji haina msimbo.

Spea utazipata Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi bado tunaiita Grogan. Nenda na kipande cha zamani mkononi, si picha yake. Zungusha beringi hapohapo dukani karibu na sikio. Kitu kilichotumika kutoka Japani mara nyingi ni bora kuliko kipya kisicho na jina, isipokuwa mikanda, gasketi na filta. Hivyo vinunue vipya daima.

Na malipo: usitoe yote gari likiwa juu ya jeki. Mwombe fundi akuachie hadi asubuhi, gari lilale, uliwashe likiwa baridi kama siku ile ya kwanza, ufungue rekodi ya simu, usikilize moja baada ya nyingine. Mzee wa Kariobangi nilimpigia saa moja kasoro asubuhi, nikaiweka simu karibu na boneti bila kusema neno. Alisikiliza, akasema, "Ile klipu ya nyuma kaza nusu mzunguko," akakata.